"Hasi" ya saratani ya matiti si habari ya kushangilia, wala si jeni iliyokufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nizungumzie makala ya afya mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu saratani ya matiti. Makala ile iliandikwa kwa nia njema, na sehemu inayowahimiza akina mama wasikae na uvimbe nyumbani naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, yamo mambo mawili yaliyonifanya nishike kalamu. La kwanza ni sentensi iliyosema kwamba saratani hutokea pale jeni "inapoharibika", kisha ikaishia hapo. La pili ni neno "hasi", ambalo mwandishi alilirudia mara kadhaa bila kumweleza msomaji ni kitu gani hasa ambacho hakikuonekana. Mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, na nitajaribu kueleza undugu wao.

Mimi ni mteknolojia wa maabara ya patholojia. Kazi yangu ni kupokea vinyama vilivyokatwa kutoka kwenye uvimbe, kuvigandisha katika nta, kuvikata kwa unene wa mikroni 3 au 4, kuvipaka rangi na kumwandalia daktari slaidi za kuangalia kwenye darubini. Miezi michache iliyopita alikuja dirishani kwetu mama mmoja, ripoti yake mkononi, uso umechangamka. "Mwanangu," aliniambia, "nimesoma hapa wameandika hasi, hasi, hasi. Si ndiyo kusema sina tatizo tena?" Mama yule hakuwa na kosa lolote. Katika nchi yetu neno "hasi" tulilizoea kwenye kipimo cha virusi vya UKIMWI, na kwa miaka mingi mtu akiambiwa majibu yake ni hasi amekuwa akimshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Kumbe "hasi" tatu zilizokuwa kwenye ripoti yake zilikuwa zinaeleza jambo jingine kabisa, tena zito. Kwa kuwa si kazi ya mtu wa maabara kumfafanulia mgonjwa majibu dirishani, nilimwongoza hadi kwa daktari wake, lakini uso ule sijausahau, na nilipoikuta "hasi" hiyohiyo gazetini bila maelezo niliona nisinyamaze.

Kipimo kinachozungumzwa huangalia kama seli za uvimbe zina vipokezi vitatu, yaani protini zinazoipokelea seli ujumbe kama ule wa homoni: kipokezi cha homoni ya estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na kile kiitwacho HER2. Uvimbe usioonyesha hata kimoja huitwa hasi mara tatu. Nitajikita kwenye kipokezi cha estrojeni, kwa kuwa ndicho kinachofungua au kufunga mlango wa matibabu kwa wanawake wengi. Slaidi ikishapakwa rangi, viini vya seli zenye kipokezi hicho huonekana vya kahawia, kama punje za kahawa zilizomwagwa, na viini vya seli zisizo nacho hubaki vya buluu. Mgonjwa ambaye slaidi yake ina kahawia anaweza kupewa tamoksifeni, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, ambayo ikimezwa kwa miaka 5 hupunguza vifo vinavyotokana na ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja. Mgonjwa ambaye slaidi yake ni ya buluu tupu hatasaidiwa na tamoksifeni, na daktari hulazimika kutegemea upasuaji, dawa za kemikali, mionzi na njia nyinginezo. Basi "hasi" hapa maana yake ni kwamba kipokezi hakipo. Saratani yenyewe ipo.

Sasa swali ambalo makala yenu haikuligusa: kwa nini kipokezi hakipo? Mtu aliyesoma kwamba saratani ni jeni iliyoharibika atadhani kwamba jeni ya kipokezi hicho, inayoitwa ESR1 na kukaa katika kromosomu ya 6, imekatika au imepotea. Katika uvimbe mwingi ulio hasi sivyo ilivyo. Jeni ipo mahali pake, herufi zake, yaani mpangilio wa kemikali za DNA unaobeba maelekezo, zimekaa sawasawa, ila haisomwi. Imenyamazishwa.

Kunyamazisha jeni si jambo la ajabu wala si ugonjwa kwa asili yake. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na karibu kila seli ya mwili inazo zote. Seli ya ini inayo jeni ya protini ya maziwa, lakini ini halitoi maziwa. Seli ya titi inayo jeni ya hemoglobini, lakini titi halitengenezi damu. Kila kiungo huwa kiungo kwa sababu kimeziacha baadhi ya jeni zizungumze na kuzifunga midomo nyingine. Kinachotokea katika saratani ni kwamba utaratibu huo mwema unatekwa: jeni zilizopaswa kuzuia seli isigawanyike ovyo, au kuifanya isikie homoni, zinanyamazishwa pasipostahili.

Wanaofanya kazi hiyo ni protini, na hapa ndipo kilipo kiini cha hoja yangu, kwa sababu hazifanyi kazi moja moja. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia takriban mita 2, na ili ienee katika kiini kisichoonekana kwa macho huzungushwa kama uzi kwenye vigurudumu vya protini ziitwazo histoni, nane kwa kila gurudumu. Kundi la kwanza la wanyamazishaji ni vimeng'enya viitwavyo DNMT, ambavyo hubandika alama ndogo ya kemikali, kikundi cha methili, juu ya DNA yenyewe, kwenye herufi C inapofuatwa na G. Kundi la pili ni HDAC, ambavyo hukwangua vikundi vya asetili kutoka kwenye mikia ya histoni. Asetili ikiwepo, mkia wa histoni hulegeza mshiko wake juu ya DNA. Ikiondolewa, chaji chanya ya histoni huing'ang'ania chaji hasi ya DNA, uzi unakazwa, na jeni iliyo ndani haifikiki. Kundi la tatu ni familia ya Polycomb, ambayo wanasayansi waliitambua kwanza katika wale inzi wadogo wanaozunguka juu ya ndizi zilizoiva sana. Ndani ya familia hiyo yumo mnyamazishaji mashuhuri katika saratani ya matiti, kimeng'enya kiitwacho EZH2, ambacho pamoja na wenzake EED na SUZ12 huweka methili kwenye histoni ya aina ya H3, mahali penye asidi amino ya 27.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maabara zimekuwa zikithibitisha jambo hilohilo kwa protini hizi. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba protini MeCP2, ambayo husoma alama za methili zilizokwisha kuwekwa kwenye DNA, huzivuta HDAC hadi mahali penye alama. Mwaka 1999 ilionekana kwamba EED, mwenzake EZH2, naye anashikana na HDAC. Mwaka 2000 ilidhihirika kwamba DNMT1, mojawapo ya vimeng'enya vya DNMT, haiachi kazi yote ya kuita HDAC kwa wasomaji wa alama, bali yenyewe inashikana nazo moja kwa moja. Na mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels nchini Ubelgiji walionyesha kwamba EZH2 hugusana na vimeng'enya vya DNMT na kuvielekeza kwenye jeni inazozilenga. Anayeweka alama kwenye histoni anamwita anayeweka alama kwenye DNA, naye anamwita anayekaza uzi. Juu ya hayo ipo UHRF1, ambayo seli inapogawanyika hutafuta sehemu za DNA ambazo uzi wa zamani una alama na uzi mpya hauna, kisha huivuta DNMT1 ikamilishe. Kwa njia hiyo seli binti hurithi ukimya wa jeni ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Kwa saratani ya matiti yenyewe, mengi ya haya yalifunuliwa kwa kulinganisha seli za aina mbili zinazokuzwa katika maabara duniani kote. Aina ya kwanza, MCF-7, ilitokana na maji ya kifuani ya mtawa mmoja aliyetibiwa Michigan, Marekani, mwaka 1970, nayo ina kipokezi cha estrojeni. Aina ya pili, MDA-MB-231, ilitokana na mgonjwa wa Texas, nayo ni hasi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore waliziwekea seli hasi dawa inayozuia DNMT, na kipokezi kilichokuwa kimya kikaanza kutengenezwa tena. Matokeo hayo ndiyo ninayotamani kila mwandishi wa afya ayafahamu, kwa maana jeni iliyovunjika haiamki kwa kuondolewa alama. Mwaka 2001 watafiti wa chuo hichohicho walitumia pamoja dawa inayozuia DNMT na nyingine inayozuia HDAC, na kipokezi kikarudi kwa wingi zaidi sana kuliko pale dawa moja ilipotumika peke yake. Baadaye walipochunguza ni nani waliokuwa wamekaa juu ya mlango wa jeni ya ESR1, yaani sehemu ya DNA ambapo usomaji wa jeni huanzishwa, kabla ya dawa, waliwakuta DNMT1, HDAC1 na wasomaji wa methili kama MeCP2; baada ya dawa, wanyamazishaji waliachia. Mwaka 2006 waliripoti kwamba seli zilizoamshwa hivyo ziliweza hata kuitikia tamoksifeni.

Utafiti mmoja wa mwaka 2003 umekaa sana akilini mwangu. Watafiti walichungulia kundi la protini linalokaa juu ya mlango wa jeni hiyohiyo ya kipokezi katika seli za aina zote mbili, wakakuta wajumbe karibu wote ni walewale: p130, E2F, HDAC1, na SUV39H1, ambayo nayo ni mnyamazishaji wa histoni. Tofauti ilikuwa mjumbe mmoja. Katika seli zenye kipokezi alikuwemo p300, ambaye huweka asetili. Katika seli hasi nafasi yake ilikuwa imeshikwa na DNMT1. Nikiziangalia slaidi mbili zilizokaa bega kwa bega mezani, moja ya kahawia na nyingine ya buluu, hukumbuka kwamba pengo baina ya mgonjwa anayefaa kupewa tamoksifeni na yule asiyefaa linaweza kuhusika na jambo dogo kama hilo, yaani nani ameketi na nani.

Kuhusu EZH2 naomba niongeze maneno machache, kwa sababu inatugusa Waafrika kwa karibu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba uvimbe wa matiti wenye EZH2 nyingi huwa mkali zaidi na huashiria hatari kubwa kwa mgonjwa. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa uvimbe wa wagonjwa wa Ghana, kwa ushirikiano na wataalamu hao wa Michigan, na ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya saratani zilizochunguzwa zilikuwa za daraja la ukali wa juu, nyingi zikiwa hasi kwa vipokezi, na EZH2 ilikuwa juu. Inajulikana pia kwamba saratani iliyo hasi mara tatu huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa ya Magharibi, kuliko wale wenye asili ya Ulaya. Msomaji asielewe hapa kwamba EZH2 ni adui mmoja wa kupigwa rungu. Protini hiyohiyo ikibadilisha mwenza hubadilisha kazi: katika seli za saratani ya matiti zisizo na kipokezi cha estrojeni, EZH2 imeonekana ikishirikiana na protini za NF-kB na kuziamsha baadhi ya jeni badala ya kuzinyamazisha. Isitoshe, si kila jeni yenye alama ya EZH2 hupata pia methili kwenye DNA. Mara nyingi alama hizo mbili hukaa kwenye jeni tofauti. Anayemwandikia mwananchi habari za EZH2 kana kwamba ni swichi ya taa anamnyima habari yenye uzito zaidi.

Haya ndiyo yanayonitia hofu nikisoma sentensi ya mwisho ya makala yenu, iliyosema kwamba dawa za "kuwasha jeni" ziko mbioni na wagonjwa wawe na subira. Dawa za namna hiyo zipo, lakini zimeidhinishwa kwa magonjwa yapi? Azasitidini na desitabini, zinazozuia DNMT, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2004 na 2006 kwa magonjwa ya uboho. Tazemetostati, inayozuia EZH2, iliidhinishwa huko mwaka 2020 kwa aina ya nadra ya saratani ya tishu laini na aina mojawapo ya limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu. Kwa saratani ya matiti, China iliidhinisha mwaka 2019 dawa inayozuia HDAC, tusidinostati, itumike pamoja na dawa ya homoni, tena kwa wagonjwa ambao tayari wana kipokezi. Lakini dawa ya kundi hilohilo iitwayo entinostati, ilipojaribiwa katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2021, haikurefusha maisha ya wagonjwa. Nadhani sababu si ngumu kuikisia kwa aliyefuata maelezo ya hapo juu. Ukimfukuza mlinzi mmoja, kufuli na komeo vimebaki. Na dawa inayofungua milango yote kwa pamoja hufungua hata ile iliyopaswa kubaki imefungwa. Mama mwenye uvimbe leo hana sababu ya kuahirisha upasuaji wala dawa za kemikali akisubiri dawa ya kuwasha jeni, na nasikitika kwamba gazeti lenu limempa neno la kumfanya asubiri.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa maabara pekee ndio hulizungumza, nami nadhani umma unastahili kulijua. Si kila buluu kwenye slaidi inatokana na jeni iliyonyamazishwa. Kipokezi cha estrojeni ni protini, na protini huharibika kinyama kikichelewa. Miongozo ya kimataifa inataka kinyama kiwekwe katika fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kilipokatwa, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Nimewahi kupokea, kutoka kituo ambacho sitakitaja, kinyama cha titi kilichosafirishwa siku mbili ndani ya chupa ya maji ya chumvi, kimeshalainika na kutoa harufu. Tulikipaka rangi, kikatoka buluu. Bahati nzuri pembeni mwa uvimbe palikuwa na vijifereji vya titi visivyo na saratani, ambavyo kwa kawaida baadhi ya seli zake zina kipokezi na zilipaswa kuonekana za kahawia; navyo vilikuwa buluu. Hilo ndilo lililotuambia kwamba kipimo hakifai, na daktari akaagiza kinyama kingine. Cha pili kiliwekwa kwenye fomalini mlelemle chumba cha upasuaji, nacho kilipopakwa rangi viini vilijaa kahawia. Mgonjwa mwenye kinyama hicho angekosa tamoksifeni kwa miaka 5 kwa sababu ya chupa ya maji ya chumvi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, maombi yangu kwa ukurasa wenu wa afya si makubwa. Mnapoandika "hasi" katika habari za saratani ya matiti, andikeni palepale ni kipokezi gani ambacho hakikuonekana na kwamba saratani ingalipo. Mnapoandika kwamba jeni imeharibika, mtenganishe jeni yenye kasoro katika herufi, kama zile za BRCA1 na BRCA2 ambazo mtu huweza kuzirithi kwa wazazi (kasoro za kurithi kwa ujumla huhusika na asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani za matiti), na jeni nzima iliyonyamazishwa ndani ya uvimbe. Nimewahi kumsikia mume akimwambia mkewe kwamba ugonjwa ule ametoka nao kwao, kwamba ni wa ukoo wao, na maneno ya aina hiyo huvunja ndoa. Hata BRCA1 yenyewe, katika baadhi ya wagonjwa ambao hawakurithi kasoro yoyote, imekutwa imefungwa kwa methili ndani ya uvimbe huku herufi zake zikiwa kamili.

Mwandishi wenu nisimlaumu kupita kiasi, kwa kuwa Kiswahili cha mambo haya bado kinatafutwa na wengi wetu tunaoyafanya kila siku hatujayaandika. Akipenda kuja maabara siku yoyote ya kazi, kwa ruhusa ya wakuu wangu, nitamwekea kwenye darubini slaidi mbili za mfano zisizo na jina la mgonjwa, ajionee kahawia na buluu kwa macho yake kabla hajaandika makala inayofuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara ya patholojia,
Dodoma